Mume wangu alipimwa mwaka wa tano: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 37, niliolewa mwaka 2015, na sina mtoto. Katika mji wetu mwanamke mwenye nyumba yake huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, Mama Fulani. Mimi watu wakinifikia husita kidogo, kisha huniita Madamu, kama wanafunzi wangu. Kule kusita kwao ndiko ninakokusikia usiku taa ikizimwa.

Sikuandikii kuomba pesa za matibabu yangu. Nakuandikia juu ya kipimo kimoja cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekiagiza kwa miaka mitano, na miaka hiyo haitarudi.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeuliza kitu. Mwaka wa pili mama-mkwe alianza, kwa upole: “Mutoto iko wapi?” Nikaenda kliniki moja mjini. Daktari aliniuliza tarehe za siku zangu, akaniandikia vidonge vya klomifeni, siku tano kila mwezi. Ni dawa ya kusaidia yai likomae na kutoka. Kama yai linatoka lenyewe, au mirija imeziba, au mbegu za mume ni haba, unaweza kuimeza mpaka uzeeke. Mimi niliimeza miezi tisa. Hakuna aliyenifanyia ekografia, ile picha ya tumbo, kuangalia kama yai limekomaa. Joto lilinipanda usoni mbele ya wanafunzi kana kwamba nimeinamia mbabula ya makaa, nikawa nafundisha mgawanyo huku nimeshika ukuta.

Baadaye nilikunywa mizizi. Baada ya mizizi nilienda kwenye chumba cha maombi, nikafunga siku tatu bila maji, nikaambiwa kwamba mama mdogo wangu, yule aliyenilea, ndiye aliyefunga tumbo langu. Nilikata mguu kwake mwaka mzima. Nimekwisha kumwomba msamaha na amenisamehe, ila hanitumi tena kitu kama alivyokuwa akinituma zamani, na hilo linaniuma kuliko dawa zote.

Nilirudi hospitalini. Nilipigwa picha ya mirija, ile ya kusukuma dawa ndani ya mfuko wa uzazi na kuitazama kwenye eksirei inapopita. Mirija ilikuwa wazi. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili nilijiuliza: sasa nini?

Mwaka 2020 muuguzi mmoja, wala si daktari, alifungua fishi yangu ya matibabu, akapindua karatasi moja moja mpaka ya mwisho, akaniangalia. “Na baba, karatasi zake ziko wapi?”

Hazikuwepo. Mheshimiwa, miaka mitano, watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mume wangu.

Ilimchukua miezi mitano kukubali, na simlaumu. Ni mchomeleaji wa vyuma, mtu mpole, hajawahi kunipigia kelele juu ya mtoto, na marafiki waliomshauri atafute biro ya pili, yaani mwanamke wa nje, aliacha kunywa nao. Lakini wanaume wetu wengi wanadhani nguvu za kitandani na uwezo wa kuzalisha ni kitu kimoja, na hakuna aliyewaeleza kwamba sivyo. Siku aliyokubali alipewa kichupa cha plastiki na kuonyeshwa choo cha wagonjwa. Mlango haukuwa na komeo. Watu walikuwa wanagonga. Alirudi nyumbani na kichupa kitupu, akaketi uani mpaka giza likaingia, na chakula hakukigusa.

Mara ya pili tulikubaliwa kufanya nyumbani, kwa sharti kwamba kichupa kifike maabara kabla ya saa moja kupita na kisipoe. Nilikibana kwapani chini ya kitenge, nikapanda pikipiki, nikamwambia kijana aendeshe haraka bila kumwambia kwa nini. Jibu lilikuwa milioni 3 za mbegu kwa mililita. Kiwango cha chini wanachokitumia Shirika la Afya Duniani ni milioni 16.

Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani mwake, na ugumba unatajwa pale ambapo wawili wamekutana mara kwa mara miezi 12 bila kinga na mimba haikuingia. Katika karibu nusu ya nyumba hizo, upande wa mume una sehemu yake, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo chake kinahitaji hadubini, kioo cha kuhesabia mbegu, na mtu aliyefundishwa kuhesabu. Hadubini tunayo: ndiyo hiyo hiyo inayotafuta malaria katika damu.

Bibi mzaa baba aliishi kambi ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji. Alikuwa akisimulia mizani ya kupimia watoto wachanga na posho iliyoongezeka nyumbani kwa kila mtoto aliyezaliwa. Kampuni ilitaka uzazi kwa sababu ilitaka mikono ya kazi. Na mbali na huku, kule Équateur na Uele, serikali ya kikoloni ilituma watu kuhesabu wanawake wasiozaa, kwa sababu vijiji vilikuwa vinapungua, na kisonono kilitajwa kuwa sababu kubwa. Walituhesabu kwa faida yao. Sasa nchi ni yetu, na hatuhesabiwi. Niliwahi kumuuliza muuguzi wa kituo chetu cha afya angeniandika wapi katika ripoti yake ya mwezi. Waja wazito wana safu, waliojifungua wana safu, chanjo zina safu, uzazi wa mpango una safu. Mimi aliniandika chini, kwenye mengineyo.

Nchi hii ilichagua zamani, tangu miaka ya 1970, kuuita uzazi wa mpango kwa Kifaransa “naissances désirables”, uzazi unaotamaniwa. Naomba maneno hayo yatufikie na sisi tunaotamani.

Najua serikali imefanya kitu kikubwa: tangu Septemba 2023, kuanzia Kinshasa, mama anajifungua bila kulipa. Nilishangilia. Dada yangu amepoteza rafiki aliyezuiliwa wodini kwa deni, kwa hiyo sitasema neno baya juu ya mpango huo. Nasema tu kwamba kuna wanawake ambao hawajafika kwenye mlango wa wodi hiyo, na wanaozuiwa na kitu kinachotibika.

Sisi tuliambiwa kwamba kwa milioni 3 njia iliyobaki ni ile ya kuchagua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Ubelgiji mwaka 1992. Tuliuza kiwanja chetu cha Kasapa, tukavuka Kasumbalesa kuingia Zambia. Sindano za kukuza mayai lazima zikae kati ya digrii 2 na 8, na foleni ya malori siku hiyo ilikuwa haisogei. Barafu iliyeyuka. Mume wangu alishuka akanunua nyingine kwa mama mmoja muuza samaki, tukafika na mfuko unanuka, lakini baridi. Sindano ya mwisho inachomwa saa kama 36 kabla ya mayai kutolewa, kwa hiyo tuliamka usiku, akanichoma yeye mwenyewe, mikono ile ya kuchomelea vyuma inatetemeka. Mayai 6 yalitoka, yakarutubishwa, viinitete 2 vikapatikana. Kimoja kilirudishwa tumboni. Siku ya 14 damu ilipimwa, haikuwa mimba.

Cha pili kimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri, nchi ya watu.

Daktari wa kule aliniambia bila kunificha kwamba baada ya miaka 35 mayai hupungua haraka, kwa wingi na kwa ubora. Nilianza kutafuta nikiwa kijana. Kama mume wangu angepimwa mwaka wa pili, ningefika pale na mayai ya kijana.

Sikuombi maabara ya kutunga mimba leo. Chombo cha kukuzia viinitete kinataka digrii 37 usiku na mchana, na sote tunajua umeme wetu unavyokatika. Ije siku yake. Ninaloomba linaweza kuanza kwa barua moja yenye sahihi yako kwenda zoni zote za afya za jimbo: mwanamke akija kulia kwamba hazai, fishi iwe moja ya watu wawili, na asipewe kidonge chochote cha kukuza yai kabla mume hajapimwa. Katika kila hospitali kubwa pawe na chumba kidogo kwa wanaume, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Bei ibandikwe ukutani, maana mimi nimelipa kipimo kimoja kwa bei tatu tofauti. Na kisonono na klamidia vitibiwe mapema kwenye vituo vya mtaani, mke na mume pamoja, kwa sababu ndivyo vinavyoziba mirija ya wasichana wetu kimyakimya. Tena ripoti ya mwezi iwe na safu yetu.

Mwezi wa saba, shule zikifungwa, tutavuka tena Kasumbalesa. Safari hii hakuna sindano nyingi, ni kukiyeyusha kile kilichobaki na kukirudisha.

Mume wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Nilimwambia ninaweza kufuta habari zake zote. Amesema niziache, hasa ile ya mlango usio na komeo.

Kwa heshima,

Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba, Lubumbashi