Picha za msiba si mapambo ya ukurasa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nikifundisha darasa la pili, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa ile ya Jumapili, ya watoto waliofiwa waliokusanywa alasiri moja kwenye hoteli ya Nyali hapa Mombasa wakapewa rangi wachore, imenishinda kunyamazia. Mnaikumbuka, kwa kuwa picha tano za watoto zilijaza ukurasa mzima, kila moja na jina la mtoto, umri wake, na maelezo ya mwandishi: nyeusi ni hasira, nyumba isiyo na mlango ni upweke, jua kubwa ni dalili kwamba mtoto ameanza kupona. Nani aliyemwambia? Watoto wenyewe hawakunukuliwa hata neno.

Sipingi kuchora. Kuchora kumemwokoa mtoto nyumbani kwangu, na ndiyo sababu hasira hainitoki.

Mjukuu wangu alifiwa na mama yake, binti yangu, akiwa na miaka saba. Hakulia matangani, wala arubaini ilipofika. Jamaa wakamsifu kwamba ni mwanamume, nami nikanyamaza, ingawa usiku nilikuwa nikimsikia akisaga meno. Mwishowe shoga yangu akanielekeza kwa mshauri nasaha aliyesomea kutumia sanaa kwa watu wenye msiba. Chumbani mwake hamkuwa na la ajabu: meza fupi, krayoni, rangi za maji, udongo wa kufinyanga, magazeti ya zamani ya kukata. Mtoto akachora feri. Juma la pili feri. Juma la tatu feri, na kila akimaliza huipaka samawati juu yake mpaka karatasi inatoboka. Mshauri hakumwambia samawati ni huzuni. Alikaa kando yake, akamwambia, “Nieleze picha yako,” na asipoelezwa alinyamaza naye. Juma la sita mtoto akagusa kidirisha kimoja cha feri akasema yule ni mama, anangoja dawa. Ndipo tukajua. Asubuhi ile mama yake alipozidiwa alimtuma dukani dawa ya maumivu, naye akapitia uwanjani kucheza mpira. Aliporudi, mama ameshavushwa kwa feri kupelekwa hospitali, na hakurudi tena. Miezi minane mtoto yule alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake, anakula nasi sahani moja na hatujui, kwa sababu sote tulikuwa tukimwuliza “Una nini?” na mtoto wa miaka saba hana jibu la swali hilo.

Sasa sikieni yaliyofuata. Alianza kuchora shuleni pia. Mwalimu wake, na naamini nia yake ilikuwa njema, akachukua feri moja akaibandika ukutani siku ya wazazi, chini yake jina la mtoto na kwamba amefiwa na mama. Mzazi mmoja akaitazama akasema mtoto huyu ana jini la bahari, asomewe. Wenzake wakacheka. Mjukuu wangu akaichana picha ile mbele ya watu, na mwaka mzima hakushika krayoni. Kwa mshauri alikuwa akienda akakaa, mikono mapajani. Mimi ni mwalimu, ukuta wa darasa naujua na furaha yake naijua, na bado nasema: picha ile haikuwa ya ukuta. Mshauri alinieleza jambo ambalo mwandishi wenu angelipata kwa kuuliza tu. Picha inayochorwa chumbani mle ni sawa na neno lililosemwa mle. Ni mali ya aliyeichora, hutunzwa pamoja na siri zake nyingine, haionyeshwi mtu bila ridhaa yake, na maana yake huitoa mwenyewe akiwa tayari. Wala kazi hii haimaliziki kwa alasiri moja hotelini. Sisi ilituchukua majuma sita kufika kwenye dirisha moja.

Mwandishi pia kasema tiba hii imeanza Marekani juzijuzi. Jina hilo la tiba kwa sanaa lilitolewa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu na akaona kuchora kunamsaidia kitandani. Huko Uingereza leo mtu hawezi kujiita mtabibu wa sanaa bila kusajiliwa kisheria. Sisi Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na bado mwenye boksi la krayoni na fulana zenye maandishi anakabidhiwa watoto waliofiwa, na gazeti linampigia makofi.

Mimi mwenyewe ni mjane wa Mtongwe. Feri ya kivuko hicho hapa Mombasa ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Pale ufuoni nilipigwa picha, leso imenivuka kichwani, mdomo wazi. Sikuulizwa. Nikiwa eda, mtoto katumwa mahamri ya asubuhi, karudi nayo yamefungwa kwenye ukurasa wenye uso wangu, mafuta yamepenya hadi machoni. Tangu siku ile naogopa kamera. Kilichonishika mkono ni kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi, niliyokuwa nikimshonea marehemu, ilikuwa nusu. Niliishona eda nzima, tundu kwa tundu, na baada ya eda nikaendelea. Ipo sandukuni. Hata binti yangu alikufa hajaiona.

Na tabia hii ya kuchukua msiba wa mtu ukawa pambo ni ya zamani hapa pwani. Waulizeni Wagiriama. Kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, huchongwa na kusimikwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama chao cha wazee, na hakihamishwi. Viling'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia kwenye sebule na makumbusho ya Marekani chini ya taa nzuri. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa wenyewe, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ikakubali kuachilia 30. Vingine vingi viko huko huko, na watu wanavisifia uchongaji wake.

Ninachotaka ni hiki. Picha zile tano zitoeni kwenye mtandao wenu leo. Karatasi zenyewe, zikiwa kwenu au kwa waandaaji, zitiwe kila moja kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina, apewe mtoto mkononi, si mwalimu wala mjomba, naye aulizwe anataka iwekwe, ichomwe au itupwe baharini. Na kila shule ya kaunti inunue sanduku moja la bati lenye kufuli, kama lile la wanafunzi wa bweni, likae kwa mwalimu wa ushauri nasaha, picha za namna hii zilale humo mpaka mwenyewe azitake.

Jina langu na nambari yangu ya simu nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Msivichape. Mjukuu wangu sasa ana miaka kumi na mmoja, na husoma gazeti hili.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa