Shosti, mwangalie meno huyo bunju wako

Dar, Jumapili usiku

Shosti wangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza niko kwenye daladala kelele tupu sikukupata vizuri, nimefika nyumbani nikairudia ndo nikaishiwa nguvu. Unasema bunju wako, huyo samaki wa kujivimbisha uliyemweka kwenye tenki, anakikimbilia chakula, anakidaka, halafu anakitema, na tumbo limeanza kubonyea ndani, na maji umeshabadilisha mara mbili lakini hola. Tafadhali usinunue dawa kwanza, hawa hawana magamba kama samaki wengine, dawa inawaumiza haraka sana. Mwangalie meno. Akija kwenye kioo kukuomba chakula, si unajua wanavyokuja, jicho moja linakutazama wewe lingine linatazama kwake huko, washa tochi ya simu kwa pembeni umchungulie mdomo. Ukiona meno yamerefuka yametokeza nje, la chini limepanda juu ya la juu na mdomo unafunguka kidogo tu, basi tatizo ni hilo, njaa anayo ila hawezi kula.

Bunju ana meno manne, mawili juu mawili chini, yameungana yanakuwa kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kuota mpaka anakufa, kama hizi kucha zetu. Hawa wa madoa kama wako na wangu kwao ni huko Asia, kwenye midomo ya mito na mikoko, maji ya chumvi kidogo, na huko kutwa wanavunja konokono na kaa, kwa hiyo meno yanaota huku yanalika. Sasa sisi tunamweka kwenye tenki tunampa vitu laini, meno yatalika na nini?

Na mimi nakwambia hivi kwa sababu bunju wangu Pili nusura nimpoteze. Aliyeniuzia aliniambia nimpe laini laini asivimbiwe, basi mwaka mzima nikampa kamba niliowamenya mwenyewe na kuwakatakata, na vile vidudu vyekundu vya kugandishwa. Nilikuwa naona namlea vizuri kweli. Kuja kushtuka ameshakonda kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, anagonga kipande cha kamba kwa meno, kinadondoka, anakifuata tena, kinadondoka. Nilikaa pale chini mbele ya tenki nikalia shosti, sikufichi.

Nikampata daktari wa mifugo mmoja kwa simu, akanielekeza mafuta ya karafuu, haya haya ya Zanzibar watu wanayoweka kwenye jino, yanamlaza samaki. Hayachanganyiki na maji hivi hivi, unayatikisa kwanza kwenye kichupa chenye maji ya tenki mpaka yanakuwa meupe kama maziwa, halafu unamimina kidogo kidogo kwenye bakuli alimo samaki huku unamwangalia, ukizidisha anakufa. Pili akaanza kuyumba, akalala ubavu, mashavu yakawa yanapumua polepole. Nikamshika kwa kitambaa kilicholowa, mgongo juu, mapezi nimeyabana taratibu, na nikahakikisha habaki nje ya maji, maana akiwa nje anameza hewa anavimba na kuitoa inamshinda. Mkasi nilichukua ule wangu mdogo wa salon wa kukatia nyama za kucha, mpya sijautumia kwa mteja. Nikakata ncha tu. Inalia tik, kipande kinaruka, kidogo kama chenga ya mchele, cheupe. Mara nne tik. Hata dakika haikuisha nikamrudisha kwenye maji safi ya tenki, pampu ya hewa karibu yake, nikasubiri. Zile dakika za kusubiri shavu lianze kwenda haraka, Mungu wangu. Kesho yake jioni akavunja konokono wake wa kwanza na ile sauti ya ganda nikaisikia mpaka nje ya kioo.

Kwa hiyo wewe wa kwako kama yamerefuka sana usijaribu peke yako, tafuta daktari wa mifugo hapo Mwanza akae na wewe. Kama ndo yanaanza tu na bado anatafuna, basi tumuwahi na chakula.

Mimi sasa hivi Pili anakula konokono mara mbili tatu kwa wiki, ganda la ukubwa wa jicho lake au kuzidi kidogo. Siku nyingine naenda soko la samaki la Feri nanunua kaa wadogo namkatia mguu na ganda lake, au kamba na ganda lake bila kumenya. Ila kamba na kome wabichi usimpe kila siku, wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwake, akila hao tu miezi na miezi atadhoofika. Changanya changanya. Na asile kila saa anapoomba, huyu ataomba mpaka usiku wa manane, ukimwangalia lile tumbo limejaa kiasi inatosha.

Sasa nisikilize hapa vizuri kwa sababu nakujua. Usiende kuokota konokono ziwani. Mwanza na kichocho unajua mwenyewe, na konokono ndo wanaokibeba, ukiingiza mkono tu kwenye maji walimo umejitafutia. Na wale wenye ganda refu lililochongoka kama pembe, waliojaa ufukweni huko, ganda lao gumu mno, samaki mdogo anaweza kuvunjika jino. Mimi wangu ni wale bapa wanaokuja na mimea ya tenki, nimewazalisha kwenye ndoo uani, nawapa mchicha uliochemshwa na ganda la yai ili maganda yao yawe magumu, wanazaana hatari.

Jumatano nakutumia mayai yao kwa basi, yale ya utelezi yameshika kwenye mfuniko wa plastiki, nitayaweka kwenye kopo lenye maji na nitaandika jina lako juu. Tafuta ndoo kuanzia kesho, jaza maji uyaache yalale. Wakianguliwa itachukua wiki kadhaa mpaka wawe wa kuliwa, katikati hapo tafuta kamba wa kugandishwa wenye maganda, supamaketi hawakosekani.

Na picha ya mdomo nitumie asubuhi kukiwa na mwanga, piga kwa upande sio mbele. Simu nitailaza karibu.

Wako wa siku zote,
mama Pili