Risala ya Walimu na Wazazi wa Chekechea kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwakilishi wa wadi yetu katika Bunge la Kaunti ya Nakuru, bwana chifu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi inayotuhifadhi, wachungaji, wazee wa mtaa, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto wa PP1 na PP2, madarasa yetu mawili ya chekechea, ambao mmeshaanza kuchoka kukaa: hamjambo nyote.

Mheshimiwa, karibu sana kwetu Molo. Barabara ya kuja huku mvua ikinyesha tunaijua, na kwa sababu hiyo kufika kwako kabla ya saa nne tumekuona kuwa ni heshima.

Leo watoto wa PP2 wamevaa majoho, na Januari wanaingia Gredi ya Kwanza. Swali tunaloulizwa sana, hata sokoni, ni hili: wamekuwa wa ngapi? Jibu letu huwaudhi baadhi ya wazazi. Chekechea haina namba moja wala namba ya mwisho. Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi mwezi wa Januari 2019, unamtaka mwalimu amtazame mtoto akifanya kazi, kisha aandike alichokiona. Mtoto akihesabu vizibo kumi vya soda, ukaondoa vitatu, akakwambia vimebaki saba bila kurudi kuanza moja, huyo ameelewa hesabu. Anayeimba moja hadi mia bila kukosea huenda bado. Tunajua kuna shule za kulipia zinazowapa watoto wa miaka minne kazi ya nyumbani kwa Kiingereza, na tumepoteza watoto kadhaa kwa ajili hiyo. Sisi tunafundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa humu darasani Mkikuyu, Mkalenjin na Mkisii wamekaa mkeka mmoja na hiyo ndiyo lugha inayowakutanisha. Kwa kipimo hicho, Mheshimiwa, watoto hawa wamefanya vizuri, na tunalisema kifua mbele.

Vizibo vyenyewe tuliviokota sisi. Hapo ndipo tunapoingia kwenye fedha.

Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, nasari iliachwa nje. Wazazi waliendelea kumlipa mwalimu wenyewe, na wasioweza walisubiri mtoto afike umri wa darasa la kwanza ndipo waanze kumleta shuleni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, ikaikabidhi kaunti elimu hii, na tangu 2013 kaunti ndizo zenye jukumu la kuajiri walimu wetu, si TSC, tume ya kitaifa inayowaajiri walimu wa shule za msingi za umma. Kwa hiyo ndani ya ua huu mmoja kuna serikali mbili. Mtoto wa Gredi ya Kwanza ana mgao wake kutoka serikali ya kitaifa. Mdogo wake wa PP2, chumba cha pili kutoka hapo, anategemea kile ambacho Bunge la Kaunti litapitisha. Chaki zikituishia tunaazima kwa jirani. Tusingelitaja hilo mbele za watu, ila mwalimu mkuu mwenyewe yupo hapa na anacheka.

Mheshimiwa, fedha za mgao zinazotumwa kwenye kaunti hazina lebo ya chekechea. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini ni bunge lenu linaloamua shilingi ngapi ziende barabarani, ngapi hospitalini na ngapi zije huku. Ndiyo maana hatukumwalika mgeni mwingine wa heshima leo.

Ombi letu si jengo. Darasa jipya hupendeza, hupigwa picha na kukatwa utepe, na tukipewa hatutalikataa. Lakini darasa tunalo. Tunachokosa ni vitu vinavyotumika na kuisha: unga, kuni, karatasi, rangi, na mshahara wa mwalimu unaoingia mwezi unapoisha. Asubuhi ya Molo ina baridi, na mtoto aliyetembea kwenye umande anafika akitetemeka. Uji ukiwa jikoni, saa tatu anakuwa mtu mwingine. Wiki ambayo wazazi wameshindwa kuleta unga, rejista hutuambia kabla hatujaambiwa na mtu: nafasi tupu zinaongezeka siku baada ya siku.

Kuna jambo la choo, na tunaomba radhi kwa kulisema karibu na chakula. Tunatumia kile cha wanafunzi wakubwa. Tundu lake lilikatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na mtoto wa PP1 huogopa kutumbukia. Mwalimu humshika mikono hadi amalize, na muda huo wote wenzake wako darasani peke yao. Choo cha watoto, chenye tundu dogo na komeo wanaloweza kulifikia, si mradi mkubwa.

Tunafahamu basari za sekondari, yaani msaada wa karo, zina wapenzi wengi, ingawa sekondari katika Jedwali hilohilo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mwanafunzi wa sekondari anakaribia kupiga kura. Mtoto wa miaka minne bado, lakini mama yake anayo kura, na leo amekaa hapa mbele.

Waraka wa mikakati ya fedha ya kaunti, unaotangulia bajeti, huletwa bungeni kwenu kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Tunaomba kabla ya Februari utukubalie mambo mawili: upiganie fungu la kila mtoto wa chekechea la kuendeshea masomo na uji, lisilochanganywa na fungu la ujenzi, na uulize ni lini walimu walio kwenye kandarasi watapewa ajira ya kudumu. Kikao cha ushiriki wa umma kikiitishwa, tutakuja, na tutaomba kiitishwe saa ambayo mwalimu na mama wa shamba wanaweza kufika.

Baada ya kuwakabidhi watoto vyeti, mwenyekiti wa wazazi atakupitisha jikoni na kule chooni, kisha ndipo tuketi kula.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, walimu na kamati ya wazazi.