Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: kukaa si kupumzika

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MADHARA YA KUKAA KITINI KUTWA NZIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa hesabu hapa Dar es Salaam, mwaka wa 14 sasa. Nilipopata ajira hii, mama aliwatangazia majirani kwamba mwanawe kapata kazi ya kukaa. Kwa mtu aliyeinamia jembe maisha yake yote, hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Mwaka jana, tukiwa tunafunga hesabu, shavu la mguu wangu wa kushoto lilivimba na kuwa la moto. Nikadhani ni kiatu. Hospitali wakaniambia damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari hakukitupia kiti lawama yote, maana ugonjwa huu una vyanzo vingi, lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwa siku unakaa saa ngapi?" Nikahesabu: tisa kazini, mbili na ushee kwenye daladala nikibahatika kupata siti. (Zamani nilikuwa nikikosa siti nanung'unika. Nimeacha.)

Akanielewesha kwamba moyo huisukuma damu hadi nyayoni, ila ili ipande tena inahitaji misuli ya miguu iikamue mishipa kila tunapopiga hatua. Ukikaa, pampu hiyo umeizima. Na misuli hiyohiyo ndiyo inayofyonza sukari baada ya mlo. Ikilala, sukari inabaki inazunguka kwenye damu.

Sasa tazama sheria yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Kwa mbeba zege, kifungu hicho ni mkombozi. Mimi saa hiyo natoka kwenye kiti cha ofisi, nakwenda kukaa kwenye benchi la mama ntilie, kisha narudi kitini. Aliyeiandika alimfikiria mtu aliyechoka kwa kusimama.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1953 mtafiti wa magonjwa Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa gari moja, barabara moja, moshi mmoja. Ila mmoja alikaa kwenye usukani kutwa, mwenzake akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Madereva ndio walioumwa zaidi moyo. Baadaye Morris alikagua vipimo vya sare zao, akakuta hata madereva vijana walivaa suruali za kiuno kipana kuliko makonda wa rika lao, kwa hiyo huenda tofauti nyingine ilianza kabla ya usukani. Lakini swali lilikuwa limeshafunguka.

Najua utanikumbusha Jumamosi ya pili ya kila mwezi, tuliyohimizwa kufanya mazoezi tangu mwishoni mwa 2016. Huwa nahudhuria, fulana ninayo. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya milioni moja: anayekaa saa nane anahitaji kama dakika 60 hadi 75 za mazoezi ili kufuta hatari ya kufa mapema inayoambatana na kukaa huko. Kila siku, Mheshimiwa, si mara 12 kwa mwaka.

Siombi meza za kupandisha na kushusha ili mtu afanye kazi amesimama. Naomba kanuni: anayekaa kwa amri ya kazi awe na haki ya kuinuka dakika chache kila saa, bila kukatwa mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo. Nawafikiria watunza fedha madirishani, madereva wa malori ya masafa, na hasa vijana wa vituo vya simu ambao hata kwenda chooni ni mpaka waombe ruhusa. Mkaguzi akija kuangalia mitungi ya kuzimia moto, aulize na hilo.

Pa kuanzia pako hapo wizarani, kwenye vikao. Neno lenyewe limetokana na kukaa, na tunalilipia posho. Kikao chako kijacho kikivuka saa moja, wainue wajumbe wanyooshe miguu. Ila uanze wewe kusimama, maana hakuna mkurugenzi atakayeinuka kabla ya waziri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa hesabu,
Dar es Salaam