Barua kwa mwanangu: usiache kukaa kimya

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu, na baridi ya Iringa ndiyo imeanza kung'ata. Asubuhi hatutoki bila sweta. Ujumbe wako niliusoma jioni ile ile, nikausoma tena kesho yake. Unasema umeanza yoga pale chuoni na wenzako, mwili umeanza kulegea vizuri, ila mkifika sehemu ya kukaa kimya na kufumba macho, mawazo yanakuvamia: mtihani, ada, maneno ya mwenzako wa chumbani. Ukamalizia kwamba labda wewe hukuumbiwa tafakuri, utabaki na mazoezi ya viungo tu. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia.

Usiache, mama. Hapo unapopakimbia ndipo yoga yenyewe ilipo.

Unalikumbuka baraza la duka la vitambaa nilipokuwa nashonea. Mwenye duka, yule bibi wa Kihindi, ndiye aliyenifundisha, baada ya kuniona kila jioni nikinyanyuka kwenye cherehani nimeshika kiuno. Nilidhani atanionyesha namna ya kujinyoosha. Akaniambia nikae chini, nivute pumzi puani, niitoe puani, niisikilize. Habari za kiuno zilikuja baadaye.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Patanjali, mwalimu wa kale wa India mwenye Sutra za Yoga, maandishi ya Kisanskriti yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Yana vifungu 195 au 196, kutegemea nakala, na vinavyoeleza mikao ni 3. Vitatu tu! Wala havitaji kusimama kwa kichwa. Vinataka mkao uwe imara na uwe wa raha. Mwanzoni kabisa Patanjali anaeleza kwamba yoga ni kuyatuliza mawimbi ya akili. Halafu anapanga viungo 8: mwenendo wako kwa wengine (usidhuru, useme kweli, usiibe), mwenendo wako kwa nafsi yako, mkao, pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuikaza nia mahali pamoja, tafakuri, na mwisho utulivu kamili. Mikao ni ya tatu, na mbele yake kuna safari ndefu. Haya madarasa ya mikao mingi mfululizo yamekua hasa katika karne ya 20, kwa walimu kama Krishnamacharya, aliyefundisha kwenye kasri la Mysore, India, miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Iyengar. Siwadharau hata kidogo. Mikao yao ndiyo iliyoninyoosha mgongo. Ila ukiona kwenye simu mtu amepitisha mguu nyuma ya shingo, jua umeona kipande tu.

Sasa tuje kwenye kukaa kwenyewe. Usikae kwenye sakafu tupu. Kunja blanketi mara tatu au nne, kalia ukingo wake, makalio yawe juu kuliko magoti. Hapo nyonga zinalegea na uti wa mgongo unasimama bila kulazimishwa. Magoti yakibaki hewani, yawekee kanga iliyokunjwa chini yake. Ikishindikana kabisa, kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, haina neno. Mikono iweke mapajani, kidevu kishuke kidogo. Legeza taya, mimi mara nyingi najikuta nimeyauma meno, na hapo ndipo ninapojua kwamba kuna jambo nimelikasirikia tangu asubuhi.

Iache pumzi iende inavyotaka kidogo, kisha anza kuiongoza: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Moyo hupunguza mwendo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoka inauambia mwili kwamba hakuna hatari. Usiibane kwa nguvu. Ukisikia kizunguzungu, achia, pumua kawaida.

Baada ya dakika chache achana na nne na sita. Hesabu pumzi zinazotoka tu, moja mpaka kumi, halafu urudi moja. Utafika tatu, utajikuta uko kwenye ada. Umegundua? Rudi moja. Usijigombeze, wala usiseme ngoja nilimalize wazo hili kwanza. Rudi moja. Ziko siku hutafika tano hata mara moja, na siku hiyo umefanya kazi sawasawa na siku nyingine. Mawazo unayoyalalamikia yalikuwapo tangu zamani; pilika na simu ndizo zilizokufanya usiyaone. Kule kugundua kwamba umeondoka, ukarudi bila ugomvi, ndiyo mazoezi yenyewe. Kitambaa kinateleza pembeni, mkono unakirudisha chini ya sindano, mshono unaendelea. Hakuna fundi anayesimamisha cherehani kwa ajili hiyo akaanza kulia.

Umeniuliza kama ni dhambi. Yoga imetoka India na imelelewa na dini za huko, Wahindu, Wabudha na Wajaini, na tusijifanye imeota yenyewe. Bibi yule alikuwa na sanamu zake na udi wake, lakini hakuwahi kuniambia nisujudu. Mimi ni Mlutheri, unanijua. Nikishamaliza kukaa nafungua macho nasali sala zangu, na naona nasali vizuri zaidi kwa sababu nimeshafika. Wapo wachungaji wasioitaka, na mtu ambaye dhamiri yake inamkataza asilazimishwe. Wewe zungumza na mchungaji wako hapo chuoni waziwazi, usifanye kwa kujificha. Na kukaa kimya si jambo geni kwetu. Lile jiwe la Gangilonga linalotazama mji, wazee wanasimulia kwamba Mkwawa, mtemi wetu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akipanda huko kukaa na kufikiri. Haikuwa yoga, sitakudanganya. Lakini mtu mwenye vita mlangoni aliona inafaa kukaa.

Fanya asubuhi kabla hujaigusa simu, tumbo likiwa tupu. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Na nisikilize kwa hili: ukiona kukaa kunakuletea huzuni isiyoondoka, au usiku hulali wiki nzima, nenda ukamwone daktari au mshauri wa wanafunzi, na unipigie saa yoyote. Pumzi haichukui nafasi ya matibabu.

Najua wenzako wanajiandaa kwa Juni 21, ile Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014. Nenda, uvae fulana, upige picha na wenzako, ufurahi. Mimi ninachokuomba ni Juni 22, ukiwa peke yako, hakuna anayekupiga picha. Patanjali mwenyewe anasema mazoezi hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatishwa, kwa moyo wote.

Nimekutumia blanketi la kukalia, lile la kijivu, ni zito na halitelezi. Liko kwenye kifurushi pamoja na maharage na asali, nimelikabidhi kwenye basi la kupitia Mtera. Namba ya kondakta nitakutumia kwenye simu. Mpigie mchana ujue saa ya kwenda stendi. Baba yako anauliza kama ada ya muhula imeshaingia. Mjibu yeye mwenyewe, atafurahi.

Mama yako