Injini imekosa oili ikagonga: ovahoo au injini ya mtumba?

Wiki iliyopita tuliletewa Toyota IST ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa anatoka Morogoro. Alipopita Chalinze, kile kitaa chekundu chenye picha ya birika linalodondosha tone kikawaka. "Fundi, nilijua ni sensa tu," akatuambia. Akaendelea na safari. Kufika karibu na Mlandizi injini ikaanza kugonga ko-ko-ko, ikazima, na haikuwaka tena. Swali lake ndilo tunaloulizwa na kila anayefika hapa na tatizo hili: tufanye ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kutengeneza kilichoharibika, au nikatafute injini ya mtumba?

Jibu letu la kwanza huwaudhi watu. Tunasema hatujui bado. Fundi anayekujibu kwa kusikiliza mlio tu, mikono mfukoni, anabahatisha kwa hela yako.

Kwanza tuelewane kuhusu hicho kitaa. Hakipimi wingi wa oili, kinapima presha. Kikiwaka ukiwa safarini, huenda pampu ya oili imeshaanza kunyonya hewa. Nafasi iliyopo kati ya krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi zinazoushikilia ni nyembamba kuliko unywele, na kinachozuia zisigusane ni utando wa oili tu. Utando ukikatika, joto linapanda, beringi inalainika, kisha inaganda kwenye krenki au inaanza kuzunguka kwenye kiti chake. Kwa mwendo wa barabara kuu dakika chache zinatosha. Kwa hiyo kikiwaka weka gari pembeni, zima, na usiwashe tena "kujaribu kidogo". Aliyezima palepale mara nyingi tunamwongezea oili, tunaziba panapovuja, anaondoka.

Sasa oili ya IST hii ilienda wapi? Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa nzima, nati ya kumwagia oili imekaza. Tulipofungua filta tukakuta raba mbili. Siku mbili kabla gari lilifanyiwa sevisi mahali, na aliyefunga filta mpya hakuona kwamba raba ya ile ya zamani imebaki imeng'ang'ania kwenye injini. Raba mbili zikipandana hushika kwa muda, halafu presha inasukuma moja nje, na lita tatu na ushee zinamwagika barabarani huku dereva anasikiliza redio. Ni kosa la sekunde tano. Hapa kwetu kijana akibadilisha filta lazima anionyeshe raba ya zamani mkononi kabla hajafunga mpya.

Kabla ya kukutajia bei yoyote tunafanya mambo mawili. Tunakata kopo la filta, tunachomoa karatasi yake na kuikunjua juani. Ikimeta kama rangi ya kucha ya bibi harusi, beringi zimeanza kusagika. Tunapitisha na sumaku: inachokamata ni chuma, na chuma kwenye filta ni habari mbaya zaidi. Kisha tunashusha sampu na kufungua vifuniko vya beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), kimoja baada ya kingine. Hapo unapitisha ukucha juu ya krenki. Ukiteleza, una bahati. Ukikwama kwenye michirizi, krenki itabidi isagwe na kufungwa beringi za saizi kubwa zaidi.

Kama kilichoharibika ni beringi tu, krenki inasagika, silinda hazina mikwaruzo na kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) iko sawa, tengeneza. Injini yako unaijua historia yake, ya mtumba huijui. Ila ovahoo ya aina hii ina sharti moja ambalo mafundi wengi wanaliruka: njia zote za oili zisafishwe na pampu ibadilishwe. Unga wa chuma uliobaki kwenye matundu unarudi kwenye beringi mpya, na gari linarudi gereji likigonga vilevile. Mteja akituambia "safisha juu juu, tupunguze gharama", tunakataa kazi.

Konrodi ikishatoboa bloku, yaani mwili wa injini, usipoteze muda na ovahoo, tafuta ya mtumba. Vilevile silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, ikiwa imekwaruzika pale kamshafti (mhimili unaofungua vali) inapozungukia: kwenye injini nyingi za siku hizi hakuna beringi pale, kamshafti inazungukia kwenye aluminiamu yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha ila hedi nzima. Kipimo chetu cha mwisho ni hesabu. Ovahoo ikikaribia theluthi mbili ya gharama ya injini ya mtumba pamoja na kuifunga, tunakushauri ubadilishe.

Ukienda kutafuta injini kwa wauza vipuri, iwe Gerezani au Shauri Moyo jijini Dar es Salaam, usinunue rangi. Nyingine zimeoshwa zikang'aa kuliko mpya. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie ndani: matope meusi mazito maana yake sevisi ilikuwa ya kusuasua huko ilikotoka. Zungusha krenki kwa spana, iende mzunguko mzima bila kukwama. Garantii iandikwe kwenye risiti, na itaje siku ngapi baada ya kufungwa, maana "ikisumbua nirudishie bosi" ina tabia ya kusahaulika. Na kabla haijaingia kwenye gari, badilisha sili ya nyuma ya krenki. Ni raba ya bei ndogo, lakini ikivuja baadaye unashusha gia boksi ili kuifikia.

Halafu kuna kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa mle, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato) pamoja na risiti ya ununuzi. Wengi hukumbuka siku wanapouza gari na mnunuzi anapofungua boneti.

Yule wa Morogoro amebadilisha. Beringi mbili ziligandia krenki, hedi ilikwaruzika, na konrodi moja iliungua ikawa na rangi ya bluu kama moto wa jiko la gesi. Tumeitundika ukutani karibu na meza ya mapokezi. Ukija, omba uishike.