Mdaiwa asinyimwe akaunti

Mhariri,

Naandika kuhusu benki kuwakatalia akaunti watu wanaolipa madeni kwa mpangilio rasmi, utaratibu unaotambuliwa na Sheria ya Ufilisi ya 2015. Juzi nilifika kaunta na kitambulisho, PIN ya KRA (namba yangu ya mlipa kodi) na barua ya mwajiri. Karani alitazama skrini, akanirudishia karatasi zangu bila neno.

Sikuomba mkopo, nilitaka pa kupitishia mshahara, na ndio unaolipa deni lenyewe! Akaunti isiyoruhusu kutoa zaidi ya kilichomo inaihatarisha benki vipi? Uingereza, benki kubwa hulazimika kumfungulia hata aliyefilisika akaunti ya msingi ya aina hiyo. Benki Kuu ya Kenya iagize vivyo hivyo hapa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Msomaji,
Nakuru